Wimbo wa Kukatia Majani

Desemba iliyopita nilikuwa nyumbani Marangu. Sisi Wachagga unatujua, mwisho wa mwaka lazima tupande mlima tukajaze kihamba, shamba letu la migomba la ukoo, kelele. Watoto wa kaka yangu walikuwa wamejazana mbele ya televisheni wakitazama shindano la kuimba. Kijana mmoja alivaa ngozi ya mbuzi juu ya suruali ya jinzi, na jaji akamsifu eti ana asili. Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Ngoja nikusimulie kwa nini.

Nilipokuwa mdogo televisheni ilikuwa imeingia kijijini juzijuzi tu, nayo ilikuwa kwa jirani mwenye duka. Dada yangu alikuwa amemaliza kidato cha nne na hakuwa na kazi ila kubeba majani ya ng'ombe, basi aliikalia ile televisheni mpaka akajua kuimba kwa puani kama Wamarekani. Akisugua sufuria ya mtori, Kizungu. Akimenya ndizi, Kizungu. Bibi, ambaye ndiye aliyetulea, alikuwa akimuuliza kama ana mafua.

Bibi naye alikuwa na wimbo wake wa Kichagga wa kukatia majani. Asubuhi, umande ungali kwenye migomba, alitoa mstari mmoja akanyamaza. Kutoka kihamba cha ng'ambo ya mfereji, mama ambaye hatumwoni aliitikia, ndipo bibi akaendelea. Kutoitikia ilikuwa kama kupewa shikamoo ukakaa kimya; watu wangeuliza una ugomvi na nani. Hata sisi watoto tuliitikia, maharage yakiwa mdomoni.

Siku moja ikatangazwa kwamba watu wa shindano la kuimba la kwenye televisheni wanakuja Moshi mjini kutafuta sauti, na watakaochaguliwa watapelekwa Dar es Salaam. Dada aliitaka safari ile kuliko kitu chochote, na mimi nilimwombea kila nilipopiga magoti. Alisuka nywele, akaazima viatu vya mwalimu wa kwaya, tukateremka. Bibi akaja pia na kina mama wenzake wa jumuiya. Walikuwa wanapeleka ndizi sokoni, wakaona si vizuri binti yao aende bila watu. Wakakaa nyuma ukumbini na vikapu vyao.

Dada aliimba Kizungu chake, na aliimba vizuri, hilo siwezi kumnyima. Lakini jaji, bwana aliyevaa miwani ya jua ndani ya nyumba, akatikisa kichwa.

"Sista, hizo tunazo nyingi. Si uko Uchaggani hapa? Tupe kitu cha kwenu, chenye asili."

 Dada akatoa ule mstari wa bibi, kwa sauti yake mwenyewe, bila kupitia puani.  Mstari ulipoisha akanyamaza, maana ndivyo wimbo ulivyo.

Ukumbi ukaitikia. Bibi, kina mama, muuza karanga aliyekuwa mlangoni, hata mlinzi. Dada akatabasamu na kuendelea, nao wakaitikia tena, na mama mmoja akainuka kabisa na kikapu chake. Sijawahi kuona raha kama ile.

"Jamani, nyamazeni," jaji akasema. Akaeleza kwamba hili ni shindano la mtu mmoja mmoja, wanatafuta sauti moja. Dada aanze upya, na wengine wote wakae kimya.

Akaanza upya. Mwisho wa mstari akasimama, akasubiri. Kina mama wakatazama chini. Bibi alikuwa amejiziba mdomo kwa kanga, macho yamemtoka. Alijikaza, akajikaza, halafu akaitikia polepole. Jaji akafunga kalamu yake, na safari ya Dar ikaishia hapo.

Nje dada alilia, viatu vya mwalimu mkononi. Bibi alimshika mkono. "Nisamehe, mjukuu wangu. Nilijaribu. Lakini uliita, ningekuachaje peke yako?" Dada akamtazama, na kicheko kikamtoka katikati ya kilio, kikatuambukiza sote. Tulirudi mlimani kina mama wakiimba njia nzima, na yeye ndiye aliyekuwa akiwaanzishia.

Bibi ameshafariki. Kihamba cha ng'ambo kimekatwa viwanja na kuzungushiwa ukuta, mfereji umekauka, na majani ya ng'ombe siku hizi yanaletwa na pikipiki. Dada ana saluni yake Pasua, kule Moshi mjini, na hana kinyongo na mtu. Nami nimejaribu kuwafundisha wanangu ule wimbo. Wanaushika upesi, na sauti wanazo kabisa. Tatizo ni kwamba nikitoa mstari na kunyamaza, wananitazama kwa huruma. Wanafikiri nimesahau maneno.