Puto la Mililita Themanini

Siku yangu ya kwanza kwenye kitengo cha tiba ya mionzi nilitegemea kukabidhiwa mashine. Nilikuwa nimepiga picha za mifupa Bariadi kwa miaka, nikarudi shule, nikahamishiwa hospitali kubwa jijini Mwanza. Mkuu wa kitengo, mama mfupi asiyecheka, alinipa puto dogo lenye mrija na bomba la sindano.

"Jaza maji, mililita themanini."

Nikajaza.

"Ngapi?"

"Themanini."

"Rudia. Hesabu kama vile aliyehesabu mwanzo humwamini."

Tukaelewana hapo hapo. Mimi ni mtu wa Nkololo, nimekulia mnadani. Ng'ombe wa mtu nilimhesabu akiingia na akitoka, na mwenye ng'ombe nikamkagua kwa jicho.

Vijana mnaosomea kazi hii mtakuta vifaa vipya, lakini shida ni ile ile. Mgonjwa amekatwa tezi dume, ugonjwa umeacha mabaki pale ilipokaa, na hapo ndipo tunapopiga mionzi. Nyuma yake tu kuna puru, kipande cha mwisho cha utumbo mpana, na puru haitulii. Leo ina gesi, kesho ina choo, keshokutwa tupu, na kila inapovimba inasukuma kila kitu. Puto huingizwa kwa njia ya haja kubwa, likajazwa maji, likaishikilia puru mahali pamoja. Kisha tunapiga picha kuhakiki, ndipo mionzi. Ukikosea, unaunguza puru, mtu anatoka damu chooni miaka, na ugonjwa uliomleta unaachwa salama.

Mzee mmoja wa Mwamapalala aliandikiwa vipindi thelathini na tatu.

"Punguza," aliniambia. "Ishirini na tano, tumalizane."

"Havipungui, mzee."

"Hata kimoja cha kufungia mzigo?"

Kisha akanitazama vizuri, akageuka ukutani. Na mimi nilikuwa nimemtambua. Alikuwa baba mdogo wa mke wangu. Kwetu mkwe unampisha njia, humkazii macho, na utupu wake huuoni hadi unaingia kaburini.

Siku mbili za kwanza mwenzangu wa kiume alimhudumia. Siku ya tatu mwenzangu akahamishwa kituo. Tuliobaki tunaoijua kazi hiyo ni mimi na binti aliyelingana na wajukuu wa mzee.

"Nipe nijiwekee mwenyewe," mzee akasema nyuma ya pazia. Nilikubali haraka mno. Aibu ilikuwa ya wawili.

Nikapima maji, nikamwingizia kwenye mrija nikiwa nimegeuza uso. Picha ilipokuja, puto lilikuwa limeishia nusu ya njia, na juu yake gesi imejikusanya.

Mkuu aliitazama. "Hapigwi mtu hapa. Mtoe, au uweke upya."

"Ni mkwe wangu, mama."

"Mashine haijaoa kwao."

Nilirudi kwa mzee, nikamwonyesha ile picha. Aliiangalia muda mrefu.

"Kwa hiyo nikijificha, unachoma mahali pasipo na kosa."

"Na penye kosa panabaki."

"Nikirudi nyumbani bila tiba?"

"Ugonjwa unaendelea, mzee. Huo nao haupungui."

Aligeukia ukuta tena. Niliwaza tutampoteza kwa heshima tu. Kisha akasema, bado anatazama ukuta, "Basi tupatane. Ndani ya chumba hiki binti yetu bado hajaolewa. Sikujui, hunijui. Nikivaa nguo zangu nikatoka, umeoa tena."

"Nimekubali."

"Na maji uhesabu kwa sauti. Nisikie kazi, nisisikie mtu."

Hivyo ndivyo tulivyofanya vipindi thelathini na kimoja vilivyobaki. Sikumsalimia, sikumwita jina. "Themanini," nilisema. "Rudia," alijibu. "Themanini." Picha, mionzi, amevaa. Kule nje kwenye korido nilisimama pembeni, nikainamisha kichwa, akapita kama mkwe anavyopita.

Nimestaafu, nimerudi kulima choroko yangu Nkololo. Watu huniuliza kuhusu mashine kubwa, na mimi nakumbuka puto. Nimefanya kazi chini ya wakuu wanne wa kitengo, na hakuna aliyenifundisha kupita yule mama na yule mzee: mmoja hakuniamini, mwingine aliniamini kwa masharti. Kazi ilihitaji yote mawili.

Kwenye sherehe za ukoo mzee alikuwa akinipita kwa mbali bila kunitazama, akisema, "Ngapi?" Nilijibu, "Themanini," akaniambia nirudie. Mke wangu aliamini tunazungumzia ng'ombe. Mzee alinipa ruhusa ya kuandika haya akishaondoka duniani, jina lake likae nje.

Mwaka huu tumemzika, kwa uzee wake. Watu walipopungua nilisogea kaburini, nikageuza uso pembeni, nikasema, "Themanini." Nikamwachia nafasi yake ya kujibu. Kisha nikarudia.