Filimbi ya Kukaa Chini

Kuna woga ambao hautoki mwilini hata ukizeeka. Mimi nina wajukuu sasa, nakaa Bunda, na bado nikisikia yowe nje, kabla sijajua ni la nini, magoti yanakunjika yenyewe, nakaa chini. Wajukuu wanacheka, wanasema babu amechoka. Waache wacheke. Hawakumjua Ticha.

Alikuwa mwalimu wa michezo shuleni kwetu Butiama, miaka ile watu wanahamishiwa vijiji vya ujamaa. Tulimwita Ticha kwa sababu kwetu neno Mwalimu lilishakuwa na mwenyewe. Alitokea Kiriba, mtu wa ziwani, mwembamba, na tulikuwaga tunamtania kwamba anakimbia kama mtu aliyekanyaga mwiba wa samaki. Hakukasirika. Kilichomkasirisha kilikuwa kimoja tu: sisi wote kuufuata mpira kwa pamoja, kama ng'ombe walioona chumvi. Hapo anapuliza filimbi, ndefu, na sheria ilikuwa ukiisikia hiyo unakaa chini hapo hapo ulipo, hata kama ni kwenye mbigili, ili uone mwenyewe umeiacha nafasi yako mbali kiasi gani. Niliichukia sheria ile. Nilikuwa beki, tena mbishi, na makalio yangu yalizijua mbigili zote za uwanja.

Siku moja tulikwenda kucheza Kiabakari. Tulishinda bao moja. Lori lililotupeleka likagoma kuwaka, Ticha akasema turudi kwa miguu, jua bado lipo. Jezi zilikuwa mali ya shule na mashati tuliyaacha nyumbani, basi tukazivua zisiloe jasho, nahodha akabeba furushi. Tukaenda vifua wazi, mstari mmoja, mbio za polepole kama alivyotufundisha. Yeye alikuwa nyuma kabisa na mpira wake kwenye wavu.

Njiani palikuwa na kijiji kipya. Watu wake walikusanywa kutoka huku na huku, hata wao kwa wao hawajazoeana, sembuse kututambua sisi. Ng'ombe wao walikuwa wanakula kando ya njia. Wakatushtukia, wakaanza kukimbia, tena wakaelekea huko huko tunakokwenda. Na sisi wapumbavu tukaendelea kukimbia nyuma yao, tunacheka.

Sijui kama mtu wa kwingine ataelewa. Kwetu Mara, vijana vifua wazi wanaokimbia nyuma ya ng'ombe wasio wao hawaulizwi majina. Na siku si nyingi kabla ya hapo, kijiji kile kilikuwa kimeibiwa. Mama mmoja aliyekuwa anaokota kuni akatuona, akapiga yowe.

Likapokewa kilimani. Likapokewa ng'ambo ya korongo. Yowe la ng'ombe huwezi kulisikia ukaendelea kulima, utatengwa, kwa hiyo walitoka wote, na pinde, mikuki na mapanga, wengine mbele yetu, wengine pembeni. Cheko likatukauka mdomoni. Mwenzangu wa mbele alijikojolea, nikaona mkojo unamshuka miguuni. Mimi niliona kichaka upande wa kushoto, nikajiambia nikikifikia kile nimepona. Uongo mtupu. Anayekimbia yowe amekiri, na mshale una mbio kuliko beki. Lakini woga haujui hesabu hiyo. Nilishainua mguu.

Ikalia filimbi. Ile ndefu.

Nilikaa. Sikuamua kukaa, nilikaa tu, na wenzangu wote wakakaa, kila mtu pale alipokuwa. Nilijua tutakufa pale, na nilimfikiria mama yangu atakavyoletewa habari. Ulipita muda kidogo, kisha nikaona miguu ya Ticha inanipita pembeni kwenda mbele. Akasimama kati yetu na wale watu, mikono juu.

"Shikamooni wazee wangu," akasema. "Hawa ni wanafunzi. Tumetoka kucheza mpira."

Mzee aliyekuwa mbele alikuwa ameshavuta upinde. Alitutazama tulivyokaa, mmoja mmoja. Halafu, nadhani kwa mazoea tu, akaitika, "Marahaba," na upinde ukalegea. Akawageukia wenzake akawaambia, "Mwizi wa ng'ombe hakai chini."

Walitusindikiza mpaka karibu na Butiama, wakitugombeza njia nzima. Mimi nililia njia nzima, wala sikuona aibu.

Ticha alizeeka, akaugua, akalazwa Musoma. Nilikwenda kumwona. Nilikaa kando ya kitanda, nikamwuliza lile ambalo miaka yote nilikuwa naogopa kumwuliza.

"Ticha, siku ile hukuogopa?"

Alicheka mpaka akakohoa. "Niliogopa kuliko nyie. Mimi nilikuwa nyuma, njia ya kurudi ilikuwa wazi. Nilipuliza filimbi, nikageuka, nikaanza kukimbia."

Nikamshika mkono, ulikuwa mwepesi sana.

"Nikageuza shingo mara moja tu," akasema, "nikawaona mmekaa. Wote. Hata wewe, mbishi wewe." Akafumba macho. "Sasa ningekwenda wapi?"