Swala wa Mfalme, Ng'ombe wa Harusi

Filamu yenyewe ilikuwa ya kijinga. Naanza na hilo ili mtu asije akadhani ilinivutia. Ni ile hekaya ya kale ya Uingereza, ya mwizi wa msituni mwenye upinde anayewanyang'anya matajiri na kuwagawia maskini, iliyotengenezwa upya kwa fedha nyingi na akili kidogo. Mwizi analala kwenye majani makavu kwa miezi, lakini meno yake yanang'aa kama ya mtu wa tangazo la dawa ya mswaki. Msitu mzima hauna mbung'o, hauna hata siafu. Anarusha mishale mitatu kwa mpigo mmoja, na kila mshale unajua wa kumpata. Watu wanamfuata hadi kufa kwa sababu ambayo filamu haikujisumbua kuieleza.

Niliiona Bunda, kwenye banda la video nyuma ya soko, siku niliyokuwa nimetoka kwenye usaili wa kazi ambayo sikuipata. Naishi Bweri, pale Musoma, kwenye chumba cha kupanga, na shahada yangu ya sosholojia iko kwenye sanduku chini ya mashuka. Gari la kurudi lilikuwa halijajaa, nikaona bora nikae gizani kuliko juani. Nilikuwa mwanamke pekee mle ndani. Kijana wa mlangoni aliniuliza kama namtafuta mume wangu.

Ilikuwa imetafsiriwa na mmoja wa wale jamaa wanaopandisha sauti yao juu ya sauti za waigizaji, wakiongeza yao na kuyaruka wasiyoyaelewa. Mfalme wa filamu, ambaye yuko vitani mbali, ana msitu, msituni ana swala wake, na mtu wa kawaida akiua swala wa mfalme ananyongwa. Mwanzoni kabisa mwizi wetu, kabla hajawa mwizi, anakutwa na swala begani. Askari wanamzunguka. Mtafsiri akabadilisha sauti, akasema kama karani wa mahakama: "Kijana, umepatikana na nyara za serikali!"

Banda likalipuka. Bunda iko mlangoni mwa hifadhi, na hayo ndiyo maneno wanayosomewa watu kizimbani wakikamatwa na nyama ya porini. Sidhani kama kuna ukoo pale usioyajua.

"Mwachieni, ana watoto!"

"Muulizeni kibali!"

"Kibali atoe nani, mfalme si kasafiri?"

Tangu hapo walikuwa wa mwizi, damu na moyo. Kila mfuko wa dhahabu ulipoibwa waligonga mabenchi. Yule adui mkubwa, anayekusanya kodi za mfalme, mtafsiri alimwita bwana ushuru, na kila alipotokea walimzomea mpaka sauti ya filamu ikapotea. Mbele yangu alikaa mwanaume mmoja wa bodaboda aliyepiga kelele kuliko wote. "Chukua! Chukua yote, ni ya kwetu hiyo!" Filamu ilipoisha alitangulia kutoka, akakuta helmeti yake haipo kwenye pikipiki.

"Mwizi!" alipiga ukelele. "Nikimpata namchoma moto, naapa!"

Wale wale waliogonga mabenchi walimzunguka na kukubaliana naye kwamba wezi hawana dawa nyingine. Hakuna hata mmoja aliyecheka. Nilisimama pale nikiwatazama, nikajiuliza kama mtu anaweza kukaa saa mbili mbele ya kitu na kisimwingie hata kidogo. Nikapata jibu, na kwa jibu hilo ningepaswa kujua kwamba mpango ulionijia pale pale hautafaa. Lakini nilirudi ndani, nikamwomba kijana wa mlangoni aniwekee ile filamu kwenye flashi.

Mpango ulimhusu kaka yangu.

Kaka yangu mkubwa ameyasikia maneno yale ya nyara za serikali akiwa kizimbani mwenyewe. Alikuwa haui chochote. Hata kuku anageuza uso. Alichokuwa akifanya ni kuchukua nyama ya nyumbu kwa wawindaji huko upande wa Bunda na kuileta kwa pikipiki kijijini kwetu, Butiama. Kijiji kizima kilimngoja. Waliiita "sato wa nchi kavu", wakaja kwa mama yangu jioni na vibakuli vilivyofunikwa kwa kanga. Siku askari wa hifadhi walipomsimamisha na gunia lake, vibakuli vilipotea, na kijiji kikagundua kwamba kina mhalifu.

Alifungwa, akamaliza, akarudi amekonda na mpole. Na kulikuwa na mwanamke aliyemngoja, binti wa Kiriba, wa familia ya wavuvi, ambaye muda wote huo alikuwa akinunua dagaa mwaloni, pale boti za wavuvi zinapotia nanga, na kuwauza Musoma mjini. Sasa walitaka kufunga ndoa. Baba wa binti alisema neno moja: ndoa ya kanisani, au asahau. Na kanisani kwetu paroko hafungishi ndoa mpaka jumuiya, zile familia chache za jirani zinazosali pamoja kila wiki nyumba kwa nyumba, iseme kwamba inamtambua mwanajumuiya wake. Jumuiya ikikaa kimya, paroko naye anakaa kimya. Yaani furaha ya watu wawili wazima ilikuwa mikononi mwa wenye vibakuli.

Jumapili ya kuamua, zamu ya sala ilikuwa kwa mama. Nilitoka Bweri na flashi yangu. Nilimwambia kaka kwamba nitawaonyesha filamu yenye mafundisho kabla ya mazungumzo. Alinitazama kwa wasiwasi.

"Mdogo wangu, hawa watu si wanafunzi wako."

"Sina wanafunzi," nikamjibu. "Sina hata kazi."

Baada ya sala na chai tulifunga mapazia ya sebuleni mchana ule, watu wakabanana kwenye makochi, wengine mkekani. Mwenyekiti wa jumuiya, mama anayeuza vitenge na ambaye hukaa kwenye kiti chenye mikono hata akiwa nyumbani kwa watu, alikaa kwenye kiti chenye mikono. Wifi yangu mtarajiwa alikuwa amefika asubuhi kutoka Kiriba, akasimama karibu na mlango kwa kuwa hakuna aliyempisha. Kaka alikaa kwenye kigoda, akitazama vidole vya miguu yake.

Nilidhani nimewajua baada ya Bunda. Walinishinda. Waliipenda filamu kwa namna ambayo ingemwaibisha aliyeitengeneza.

"Huyu kijana ana moyo wa Kikristo," mwenyekiti alisema wakati mwizi akimwaga sarafu kwenye kibanda cha mjane. "Anatoa kuliko sisi tunaokaaga viti vya mbele."

"Amina," wakaitikia, kana kwamba wamesikia Injili.

Mzee mmoja, jirani yetu wa upande wa chini, yeye aligombana na upinde. "Mshale haurushwagi hivyo. Na hauna sumu. Huyo swala atakwenda kufia kwa mtu mwingine, wewe unabaki na njaa." Hakuna aliyemuuliza ameyajuaje hayo. Kila mtu alikuwa na shughuli na kikombe chake.

Kisha akatokea mwanamke wa filamu, binti wa ukoo mkubwa aliyefungiwa ghorofani na bwana ushuru anayetaka kumwoa kwa nguvu. Anakataa. Analetewa nguo, anakataa. Anaambiwa mwizi wake amekufa, anasema atangoja. Kuigiza alikuwa hajui, alikuwa akitazama dirishani tu. Lakini kina mama walikuwa wameshikana mikono.

"Huyo ndiyo mwanamke! Kasubiri!"

"Mimi ningeshakwenda na bwana ushuru," mmoja wa mkekani akasema. "Ana farasi."

"Wewe hata mwenye punda ungekwenda naye!"

Walicheka mpaka mwenyekiti akainua kiganja. "Nasema hivi. Mwanamke kama huyo akija kwetu, nampokea mlangoni mimi mwenyewe."

Ilipoisha walipiga makofi, wakaipigia makofi televisheni ya mama. Mapazia yakafunguliwa. Nikasimama. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu tangu Bweri na niliona yamekaa vizuri.

"Nawauliza wazee na kina mama," nikasema. "Huyu mliyempigia makofi alikutwa na nyama ya mfalme. Kaka yangu alikutwa na nyama ya hifadhi. Mmoja mnamwombea amina, mwingine mnajadili kama anafaa kuoa. Swala wa mfalme na nyumbu wa hifadhi wana tofauti gani?"

Walinitazama. Kwa muda mfupi niliamini wanafikiri.

"Tofauti ipo, binti," mwenyekiti akasema bila hasira yoyote. "Wa filamu hakufungwa."

"Alikamatwa. Mmeona wenyewe."

"Akatoroka. Wa kwetu kaenda mpaka gerezani, karudi. Jumuiya nayo ina jina lake, mwanangu."

Watu wakatikisa vichwa kukubali. Nilitazama uso mmoja mmoja nikitafuta hata aliyeona haya, sikumpata. Hivyo ndivyo ilivyo dhambi Butiama: ni kukamatwa. Mengine yote ni kitoweo.

"Na tena yule alikuwa anagawa bure," mzee wa mshale akaongeza. "Kaka yako alikuwa anauzaga. Na bei yake ilikuwa juu."

"Bei umeijuaje, mzee?" nikamuuliza.

"Nilisikiaga."

Mtu mkekani akakohoa ili asicheke. Nilifungua mdomo niwataje mmoja mmoja pamoja na vibakuli vyao, na ningewataja, lakini kaka akanivuta gauni kutoka kwenye kigoda.

"Kaa chini," akasema taratibu. "Mimi si wa kwenye filamu. Nilileta nyama, nilifungwa, nimerudi. Usinitafutie upinde."

Nikakaa. Nilikuwa na hasira na wote, na yeye zaidi, kwa sababu alikuwa akiomba radhi kwa watu aliowalisha. Mwenyekiti alianza kusema kwamba jambo hili ni zito, kwamba pengine lisogezwe mbele, wiki nyingine, mwezi mwingine. Nilijua maana yake, na kaka alijua. Baba wa Kiriba hakuwa mtu wa kungoja mwezi mwingine.

"Mama mwenyekiti," wifi akasema kutoka pale mlangoni. "Mimi nina swali la filamu tu."

Wakageuka. Nadhani wengi walikuwa wamesahau kama yupo.

"Uliza, mama."

"Yule mwanamke aliyesubiri, umesema akija kwenu utampokea mlangoni."

"Nimesema."

"Mimi baba kaniletea wachumba. Mmoja ana boti yenye mashine, na nyumba ya bati. Nikakataa. Nikasema nangoja. Leo nimetoka Kiriba alfajiri." Alitazama chini, akatazama tena juu. "Nimefika, mama. Mlangoni ndiyo hapa nimesimama."

Yule aliyemtaka mwenye farasi ndiye aliyeanza kigelegele. Kina mama wengine wakadakia, na mmoja akainuka kumpisha wifi nafasi kwenye kochi, akiwa amechelewa kwa mchana mzima. Mwenyekiti alijaribu kubaki mzito kwenye kiti chake chenye mikono, lakini neno lilikuwa limetoka kinywani mwake mbele ya watu wote na lilikuwa bado la moto. Aliinuka. Akaenda mlangoni. Akamshika wifi mkono.

Nataka ieleweke kwamba hakuna hoja iliyoshinda pale. Haki haikuonekana, wala toba, wala mtu kujitazama. Walimkubali kaka yangu kwa sababu mchumba wake alifanana na mwanamke asiyejua kuigiza, katika filamu mbaya, iliyotafsiriwa vibaya. Nilimwambia wifi hivyo baadaye tukiosha vikombe.

"Ndiyo, wifi," akasema. "Nipe hicho kingine."

Lakini mwenyekiti hakuwa mtu wa kutoka mikono mitupu. "Jumuiya inawatambua," alitangaza kabla ya sala ya kufunga. "Ila kwa sharti. Nyama ya harusi tuione ikitembea. Tusije tukalishwa kitu, halafu askari watukute wote mezani."

Kaka alicheka. Tangu arudi sikuwa nimemsikia akicheka.

Basi siku moja kabla ya harusi, mchana, akamtoa ng'ombe aliyemnunua mnadani na kumpitisha kijijini kwa kamba, nyumba kwa nyumba za jumuiya, kama mgonjwa anayepelekwa kwa daktari. Nilitembea nyuma yake na fimbo, nikiona aibu ambayo yeye hakuiona. Watu walitoka nje. Watoto walipiga kelele, "Nyara za serikali!" na wakubwa wakapiga makofi yale yale waliyoipigia televisheni. Kaka akaachia kamba mkono mmoja, akavuta upinde usiokuwepo, wakazidi kushangilia. Mwenyekiti alimzunguka ng'ombe mara mbili akatoa kibali.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mzee wa mshale. Alimpapasa nundu, akamwinua sikio, akamtazama kwato kwa makini kama daktari wa mifugo.

"Huyu ni ng'ombe kweli," akasema, na sauti yake ilikuwa na huzuni kidogo. Kisha akatazama huku na huku, akamsogelea kaka. "Kwa hiyo ile nyingine, siku hizi haipatikanagi kabisa?"

Kaka alivuta kamba, na ng'ombe akamfuata.