Viatu vya Rubani

Baba alishuka kutoka kijijini Bombo, milimani, kuja kwangu Same mjini kwa ajili ya macho yake. Daktari alimpa dawa ya matone akamkataza jua kwa wiki moja, kwa hiyo, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, baba alishinda ndani mchana kutwa bila kushika jembe. Jumamosi hiyo nilikuwa nachambua maharage ya makande. Yeye alikaa kwenye kochi mbele ya televisheni, akisikiliza zaidi kuliko kutazama.

Ilikuwa filamu ya historia, imetafsiriwa kwa Kiswahili, kuhusu marubani wa ndege za kivita huko Ulaya. Msimulizi alieleza jinsi vijana wa nchi moja ya kisiwani walivyopaa siku baada ya siku, kiangazi kizima, kuzuia ndege za adui. Wangeshindwa angani, nchi yao ingevamiwa. Tuliwaona wakizikimbilia ndege zao huku kofia zikiwadondoka. Kisha akaja mzee mmoja, rubani aliyesalimika, akasema rafiki yake alianguka upande wa adui, na mpaka leo hajui kama alizikwa.

"Punguza sauti, mama," baba akaniambia, jinsi anavyoniita tangu utotoni.

Nikapunguza.

"Wa kwetu alizikwa."

"Nani, baba?"

"Rubani."

Kwamba baba alipigana vita vya Kagera, hilo tulilijua wote nyumbani. Lakini hakuwahi kusimulia. Wenzake walipoanza habari za vita kwenye harusi au msibani, yeye alinyanyuka akaenda kutazama ng'ombe. Kwa hiyo niliweka ungo chini, nikamgeukia.

"Nilikuwa kikosi cha mizinga ya kutungulia ndege," alisema. "Kazi yangu kulisha mkanda wa risasi. Sikulenga mimi. Miaka yote hii najiambia hivyo, sikulenga mimi. Siku hiyo ndege ilikuja chini sana, tukaipiga, ikaangukia mgombani. Mama, tulishangilia! Tulikumbatiana kama watoto. Halafu mkubwa wetu akanituma mimi na wenzangu wawili tukatazame."

"Mkamkuta?"

"Ametupwa nje, pembeni. Hakuungua. Kijana, ndevu hazijamjaa. Tukamchimbia palepale. Wenzangu walitaka tuondoke haraka, nikawaambia subirini. Nikasema Baba Yetu kwa Kipare, maana Kiswahili kilinipotea."

Alijifuta macho. Sikujua kama ni dawa.

"Lakini kabla ya kumfukia nilimvua viatu. Vyangu vilikuwa vimekwisha soli. Nikavivaa vyake, vikanitosha. Nikavivaa mpaka vita vinaisha, nikapandia navyo mlima kurudi nyumbani."

Viatu hivyo nilivijua. Vilikuwa vyeusi, vizito, vya kufunga kamba hadi juu ya kifundo. Nilipokuwa mdogo vilikaa mlangoni pa jiko, baba akivivaa kwenda shamba la tangawizi, na asipokuwepo niliingiza miguu yangu humo nikatembea uwanjani mama akicheka. Siku moja baba alinikuta navyo. Alinivua, akaenda kukaa peke yake nyuma ya zizi. Niliamini nimemkosea adabu. Nimeishi na kosa hilo zaidi ya miaka thelathini, kumbe halikuwa langu.

"Kwa nini hukutuambia?" nikamuuliza.

"Ningewaambia nini? Watu walinipokea kwa ngoma."

Filamu iliendelea kwa sauti ya chini hadi ikaisha. Makande sikupika.

Wiki iliyofuata nilimsindikiza kurudi Bombo. Jumapili, kanisani, mwinjilisti alipouliza mwenye hitaji la maombi, baba alisimama. Alishika benchi la mbele kwa mikono yote miwili.

"Naomba tumwombee marehemu mmoja."

"Jina lake, mzee?"

"Silijui. Alikuwa rubani wa adui wakati wa vita. Nilimzika mimi, na viatu vyake nikavichukua."

Watu waligeuka. Mwinjilisti akatuambia tusimame, akaomba. Upande wa wanawake, bibi mmoja hakusimama. Mumewe alikwenda vita hivyohivyo na hakurudi, wala mwili wake haukuletwa. Ibada ilipokwisha nilimwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitikia marahaba, lakini baba alipomnyooshea mkono alimpita kama hakumwona.

Njiani nilimwambia baba asijali. Alinikatiza.

"Ana haki."

Jumatatu asubuhi alikwenda kwa yule bibi. Alikataa nimsindikize. Nilishinda nikichungulia njia kati ya migomba, nikiwaza kwamba huenda amefukuzwa na ameona aibu kurudi. Alirudi mchana, taratibu, kofia yake mkononi.

"Amekupokea?"

"Kwanza aliniacha nje, muda mrefu. Baadaye akatoa kiti."

"Mkaongea nini?"

"Aliniuliza kama mumewe naye alipata mtu wa kumsomea Baba Yetu."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia sijui." Baba aliketi, akanyoosha miguu. "Tukakaa. Kesho nitakwenda kumpalilia kahawa, imezidiwa na magugu. Nipe chakula, mama."