Redio Ilikufa, Mama Kisa Anasubiri Kutangaza Mazishi

Kuna mchana mmoja redio yetu hapa Kyela ilikata kauli, na nyuma ya kiti changu alikuwa amekaa mjane anayesubiri imtangazie msiba.

Naitwa Marcel. Mtu wa Bukoba, ajira ndiyo iliyonileta huku kwenye mvua. Nina diploma ya kompyuta na kitambi, vyote nilivipata kwa kukaa.

Redio yenyewe ndogo, ya jamii. Watu wanatusikiliza kwa bei ya kakao na matangazo ya vifo. Kakao inaweza kungoja.

Programu ya kurushia matangazo iligoma asubuhi. Nikaanza kuiweka upya kwa lile dirisha jeusi: unaandika amri, unabonyeza, mashine inavuta vifurushi vyake mtandaoni na kuvifunga yenyewe.

Shida ya dirisha jeusi ni maneno. Yanamiminika kama mvua ya Kyela. Meneja wetu, Marystella, akiyaona anashika kichwa.

"Marcel, hivyo si virusi hivyo?"

Kwa hiyo siku hizi maneno yote nayatupia kwenye faili pembeni. Kwenye kioo nabakiza mstari mmoja wa kijani unaotambaa na asilimia zake. Basi.

Yeye aliupenda. Na mimi niliupenda. Kipindi kile sikutaka maneno.

Mama yangu alikuwa amefariki mwezi uliopita. Nilizika, nikapanda basi, nikarudi kazini. Sikulia. Nikanyamazisha grupu la familia kwenye simu, nikaendelea kutania watu kama kawaida.

Ukiniuliza nilikuwa najisikiaje, ni ganzi. Ganzi tupu.

Sasa mstari ukafika themanini na saba. Ukasimama.

Mama Kisa alikuwa ametoka Ikolo kwa bodaboda. Mume wake, mzee Eliya, kafariki alfajiri. Watoto wao wawili wa kiume wako kambi ya uvuvi upande wa Ikombe, simu hazishiki huko. Redio inashika.

"Kesho tunazika," akasema. "Wasiposikia leo, watakuta kaburi."

"Pole sana, mama. Mgonjwa wangu huyu akiamka tu, unatangulia wewe."

"Ndaga, asante mwanangu."

Themanini na saba.

Mara radi ikanguruma huko milimani. Na huku ikinguruma, kila nyumba inazima umeme. Haina mjadala. Mlinzi wetu, Ambwene, nikamwona kashafika kwenye swichi kubwa, mkono juu.

"Kaka Marcel, nazima."

"Usiguse. Ukikata katikati, leo haiamki tena."

"Radi haijui diploma, kaka."

Marystella naye: "Si imekwama hiyo? Zima, washa, anza upya."

Nikautazama ule mstari. Sikuogopa, sikukasirika. Sikusikia kitu. Nilikuwa nafungua mdomo kusema haya, zima.

Mama Kisa akauliza taratibu, "Kwani yenyewe inasemaje?"

"Haisemi, mama. Nimeiziba mdomo."

Nikayasikia maneno yangu mwenyewe.

Nikafungua dirisha la pili, nikaenda kwenye lile faili, nikasoma kuanzia chini. Mstari wa mwisho ulikuwa swali.

Mashine inasema: nimekuta mipangilio yako ya zamani. Niiache, au niweke mpya?

Ilikuwa imeuliza, ikakaa. Muda wote ule haikukwama. Ilikuwa inanisubiri mimi.

Nikajibu: iache. Herufi moja tu.

Mstari ukatembea mpaka mwisho.

Ambwene akazima taa za ofisi, angalau roho yake itulie. Mtangazaji wetu, Hezroni, akaingia studio, na la kwanza kusomwa likawa jina la mzee Eliya. Mama Kisa alisikiliza ameinama, khanga mdomoni. Kisha akarudi Ikolo.

Kesho yake Hezroni alikwenda kuzika Ikolo. Aliporudi akaniambia, "Vijana walifika. Wamelowa chapachapa, jeneza halijafungwa bado."

Nikasema sawa.

Nilipobaki peke yangu, nikatoa simu. Nikalifungua lile grupu. Nikasoma kuanzia chini.

Mdogo wangu Teddy: "Kaka, upo?"

Juu yake: "Kaka, tunakusubiri."

Juu zaidi: "Vitu vya mama tuviache vilivyo, au tugawe? Wewe ndiye mkubwa. Hatufungui mlango mpaka useme."

Mwezi mzima nyumba ya mama ilikuwa imefungwa. Mimi nikidhani wenzangu wameshamaliza, wanaendelea na maisha yao.

Nikaandika: "Nipo. Fungueni, mgawane. Ile khanga yake ya kijani mniwekee."

Teddy akajibu hapo hapo. "Tulishakutengea, kaka."

Hapo ganzi ikaanza kuuma, kama mguu uliokaliwa, damu inaporudi.

Ndugu zangu, ukiona kitu kimesimama, kabla hujazima soma mstari wa mwisho. Pengine hakijafa. Pengine kilishauliza, na anayesubiriwa ni wewe.