Feni Iliyomtisha Mama

Mama yangu alikaa siku kumi na mbili bila kuoga, akiwa nyumbani kwangu, mimi ninayewafundisha watoto wa darasa la tatu usafi wa mwili.

Nilimleta Newala kutoka Mnyambe baada ya majirani kumkuta akiokota korosho katika shamba la mtu, hajui njia ya kurudi. Akili ilikuwa imeanza kumpotea. Nyumba niliyopanga ina bafu la ndani lisilo na dirisha. Mwenye nyumba alifunga feni ya kutolea hewa kwenye dari, akaiunganisha na swichi ya taa: ukiwasha taa, feni nayo inaanza kunguruma mpaka bati linatetemeka. Mimi nilikwishaizoea.

Siku ya kwanza nilipowasha taa, mama alijitupa sakafuni kifudifudi, mikono kichwani. Nilidhani ameteleza. Kesho yake ikawa vilevile. Siku ya tatu hakukubali hata kuukaribia mlango. Nikaacha taa, nikawasha tochi ya simu. Akaning'ang'ania mkono akisema humo gizani mna watu. Uani hakuna uzio, na mama, pamoja na kuchanganyikiwa kwake, hakuwa tayari kuvua kanga mbele ya nyumba za watu.

Siku ya nane nilimvuta. Nalisema hili kwa aibu. Harufu ilikuwa imefika sebuleni, na mwalimu mwenzangu aliyekuja kunitembelea alikuwa ameaga upesi mno. Nilimshika mama kwapani, nikamwingiza kwa nguvu. Akaniuma kiganjani. Nikamwachia, nikaketi kizingitini nikalia kwa sauti, naye akanitazama kama anayetazama msiba usiomhusu.

Siku ya kumi akaja mama mdogo, yule anayemfuata mama kwa kuzaliwa.

“Shikamoo, mama mdogo.”

“Marahaba, mwanangu. Mbona macho yamevimba?”

Nilimpeleka bafuni, nikawasha taa. Akarudi nyuma hatua mbili.

“Zima,” akasema. “Zima kwanza hiyo ndege.”

Kisha akaniambia jambo ambalo mama hakuwahi kunisimulia. Walipokuwa wasichana kijijini kwao, bondeni karibu na mto Ruvuma, wakati wa vita vya ng'ambo ya mto, baba yao aliwafundisha kwamba wakisikia ndege za vita walale kifudifudi, mikono kichwani, wasiinuke mpaka awaambie zimeshapita.

“Mama yako alikuwa ananilalia juu,” akasema, “ili nisinyanyuke.”

Na mimi nilimvuta.

Fundi umeme alisema anaweza kuitenganisha feni na taa. Lakini mama ana pumu, na bila feni mvuke wa maji ya moto humbana kifua. Maduka ya Newala yalikuwa na feni za aina ileile tu. Asubuhi iliyofuata nilipanda gari kwenda Masasi kutafuta feni isiyonguruma.

“Naomba niisikie,” nilimwambia mwenye duka. Akaichomeka. Nje bodaboda zinapita, duka la jirani linapiga muziki.

“Kaka, sisikii kitu.”

“Si ndiyo nzuri hiyo, mama?” akacheka.

“Nakuomba, twende stoo tufunge mlango.”

Alinitazama, akaacha kucheka. Tukasimama katikati ya makopo ya rangi, akaiwasha tena. Ilisikika kwa chini, kama mtu anayepuliza chai. Nikasema nitaichukua hiyo.

Kesho yake fundi aliifunga, akaweka vipande vya mpira wa tairi ili isigusane na mbao. Nikawasha taa, nikasimama ndani na ndoo. Mama alifika mlangoni, akainua macho darini. Niliona magoti yake yakianza kukunjika.

“Zimeshapita,” mama mdogo alimwambia kwa Kimakonde, akiwa nyuma yake. “Inuka, dada.”

Akaingia.

Tulipomvua kanga, nikaona kidonda chini ya titi la kushoto, kibichi, kipana kama kiganja changu. Siku zote hizo kilikuwa kinamla, nami nikidhani ni ukaidi. Nilimmwagia maji kidogo kidogo kwa kopo. Hakulia. Mama mdogo ndiye aliyelia.

Hospitalini muuguzi aliuliza, “Amekaa muda gani hivi?”

Nikamwambia siku kumi na mbili. Akaendelea kusafisha.

Kidonda kilichukua wiki nyingi kupona. Mama sasa huoga, ingawa si kila siku. Kuna siku husimama mlangoni na hataki kuingia, na maji yanapoa. Nayarudisha jikoni nikayapashe.