Heater ya gesi isiyo na chimney ilivyonilaza kwenye matope mbele ya mama mkwe

Wakuu, salamu. Wenye jua lenu na sisi wa kuvaa jaketi mpaka saa sita mchana, nawasabahi wote.

Kuna uzi mwingine humu ndani mtu anauliza kama zile heater ndogo za gesi, zile hazina bomba la kutoa moshi, zinafaa kuwashwa ndani ya nyumba. Watu wamemjibu kitaalamu. Mimi nitamjibu kwa aibu yangu.

Sitaongeza chumvi. Mke wangu amesoma hii kabla sijapost, na mahali nilikuwa nimeruka akanirudisha.

Mimi ni mtu wa Kitale. Wazazi wangu walitoka Nyandarua wakanunua shamba huku nikiwa bado sijazaliwa. Nina agrovet ndogo: mbegu, dawa ya ng'ombe, chakula cha kuku, na vifaranga wa siku moja.

Hapo kwa vifaranga wekeni alama, tutarudi.

Mke wangu ni Mbukusu wa Chwele, upande wa Bungoma. Kwetu mama mkwe unamsalimia kwa mkono, mnakunywa chai meza moja, anakucheka tumbo. Kwao ni hadithi nyingine. Mama mkwe na mkwe wa kiume hawashikani mkono. Hawakai chumba kimoja. Mkikutana njiani, mmoja anaingia kwa mahindi. Hata maneno hamwambiani moja kwa moja, lazima yapitie kwa mtu.

Kwa hivyo miaka mitatu ya ndoa nilikuwa namjua mama mkwe kwa leso na kikohozi. Akitaka kupita mahali niko, anakohoa. Mimi naondoka na mlango wa pili. Tulikuwa tunaelewana sana, kusema kweli.

Sasa tukapata mtoto wa kwanza, kijana. Ilikuwa mwezi wa saba, miaka ile simu ya tochi ndio ilikuwa simu. Na Kitale ya mwezi wa saba mnaijua: mvua kila mchana, ukungu asubuhi, nepi hazikauki.

Mama mkwe akaja kumsaidia binti yake. Kwa nyumba yangu hawezi kulala, kwa hivyo nikampa chumba cha nje, kile kimeshikana na jikoni. Mchana mke wangu na mtoto walishinda huko pamoja naye.

Hapo ndipo akili yangu ilianza kufanya kazi, na ikianza huwa ni hatari.

Wiki hiyo kulikuwa na mzungu wa mission anarudi kwao. Alikuwa ametandaza vitu vyake kwa nyasi anauza: vitanda, sufuria, vitabu. Kando ya sufuria nikaona kidude, ukubwa wa redio, na waya mbele. Akakiwasha. Kikawa chekundu, joto likanipiga magoti. Hakina moshi. Hakina bomba. Hakinuki.

Nikasema mtoto wangu hatakohoa moshi wa makaa kama sisi tulivyolelewa. Nikakibeba.

Mzungu alinipa na kitabu cha maelezo. Nilisoma ukurasa wenye picha.

Fundi akaniungia kwa mtungi wa gesi wa jikoni, na kwa siku mbili nikawa mtu mkubwa. Majirani walikuja kuona. Mmoja akauliza moshi unaenda wapi. Nikamwambia hii ni teknolojia, haina moshi. Akaitikia kwa kichwa, na mimi nikaitikia, na hakuna kati yetu alijua chochote.

Shida ikawa moja. Joto lilikuwa linatoroka. Juu ya dirisha kulikuwa na yale matundu ya hewa, na chini ya mlango upenyo wa vidole viwili. Nikachukua magunia ya dukani nikaziba matundu. Nikakunja gunia lingine nikaweka chini ya mlango. Dirisha nikalibana na misumari.

Kesho yake nikapata gunia moja liko nje kwa nyasi.

Nikalirudisha. Jioni liko nje tena, na la mlango limekunjwa vizuri limewekwa juu ya debe.

Nikamuuliza mke wangu. Akasema, "Mama anasema hiyo chumba inabana kifua." Nikamwambia amwambie mama gesi ni pesa, tusipashe nyasi joto. Akaenda. Akarudi. "Mama anasema amesikia."

Wakuu, mtu mzima akisema amesikia, ujue hajakubali. Asubuhi magunia yote matatu yalikuwa nje, yamepangwa kwa mstari.

Basi tukawa na vita, mimi na mama mkwe, bila kuonana wala kusemezana. Nikienda dukani anatoa. Nikirudi naziba.

Halafu heater yenyewe ikaanza vituko. Inawaka nusu saa, inajizima. Naiwasha, inajizima. Sasa najua kilikuwa na kifaa cha kusikia hewa ikipungua, na kilikuwa kinafanya kazi yake kama askari mwaminifu. Wakati huo nilisema mzungu ameniuzia bovu.

Nikagundua ukishika kile kitufe cha kuwashia bila kukiachilia, haizimi. Nani atashika kitufe siku nzima? Nikachukua blada, ile kamba ya mpira wa tube tunafungia mizigo kwa baiskeli, nikakifunga kikabaki kimebonyezwa. Haikujizima tena. Nilijipongeza kwa sauti.

Hapo mama mkwe akaacha vita. Hakutoa gunia. Alichukua mtoto, akahamia naye jikoni, akakaa kando ya kuni na mlango wazi.

Wakuu, niliumia. Nimeleta joto la kizungu, na mwanangu analelewa kwa moshi. Mke wangu akaniambia mama anasema kichwa kinamuuma humo ndani. Nikasema ni mazoea tu. Nikasema leo nitakaa humo mimi mwenyewe saa nzima, ili watu waone.

Ilikuwa Jumapili baada ya chakula. Mke wangu alikuwa amejifunika mwavuli kwenda kununua sabuni ya nepi, na kwa njia akakutana na wenzake wa kanisa, mnajua hiyo sabuni ilichukua muda gani. Jikoni walikuwa wawili tu, mama mkwe na mtoto wa wiki tatu.

Nikaingia na gazeti na kikombe cha chai. Nikaziba mlango. Joto likapanda, nikavua shati. Likapanda, nikavua na suruali, nikabaki na vesti na kaptura ya ndani. Nilikuwa nasema moyoni, huyu mama akichungulia ataona mtu anastarehe.

Nakumbuka nikisoma habari ya bei ya mahindi. Nikaisoma tena. Nikaisoma mara ya tatu na bado sijui mahindi yalikuwa bei gani. Kichwa kikaanza kugonga, nikalaumu maandishi madogo. Miguu ikawa mizito, nikasema ni ugali.

Baada ya hapo sijui.

Ninayowaambia sasa nilihadithiwa na mke wangu, na yeye aliambiwa na mamake.

Mama mkwe alitaka shali ya mtoto iliyobaki kwa kile chumba. Akaja mlangoni akakohoa, ili niondoke. Kimya. Akakohoa tena. Akakohoa mara ya tatu kwa nguvu mpaka kuku wakakimbia. Akachungulia kwa kioo, akaona nyayo zangu mbili zimeelekea juu.

Alisimama hapo. Mke wangu anasema hilo ndilo mamake alirudia sana, kwamba alisimama. Mwanamke wa umri ule hajawahi kuangalia uso wa mkwe wake, sasa mkwe amelala na kaptura ya ndani na hakuna mtu wa kumtuma.

Akarudi jikoni, akalaza mtoto kwa beseni la mahindi. Akajifunika uso na leso. Akasukuma mlango na gunia langu, akazima mtungi, akanishika vifundo vya miguu na kunivuta kama gogo. Kizingiti kilinigonga kisogo. Alama iko mpaka leo, kinyozi wangu anaijua.

Niliamka na mvua usoni. Niko kwa matope, chali. Nikatapika. Nikageuza kichwa nikaona mama mkwe amesimama chini ya paa la jikoni, amenipa mgongo, mtoto mikononi.

Hangeweza kunisemesha. Na hakukuwa na mtu wa kupitishia maneno. Kwa hivyo akamwambia mtoto.

"Mjukuu wangu," akasema polepole, "mwambie baba yako hivi. Mwaka jana alinitumia vifalanga, akatuma na maneno. Akasema nikiwasha jiko la kuwapasha joto niache dilisha wazi, ama watakufa wote. Mwambie niliacha, na hakuna hata moja alikufa."

Akamvuta mtoto kifuani.

"Sasa muulize, wewe si hata kifalanga?"

Wakuu, nilitema matope. Kila siku kwa kaunta yangu nawaambia wateja hayo maneno. Nayasema hata usingizini. Kuku wa watu niliwaachia hewa, na mwanangu nikamzibia kwa magunia na misumari.

Mganga hajigangi, wanasema. Mimi nilikuwa najiua na kujilipisha.

Mke wangu aliporudi alinipeleka kliniki. Daktari akasikiliza hadithi yote, blada na magunia. Hakucheka. Akauliza mtoto alikuwa wapi. Nikasema jikoni na nyanya yake. Akaweka kalamu chini, akasema, "Huyo mama mumshukuru."

Nililia hapo mbele ya wagonjwa wengine. Sikulia kwa sababu ya kichwa.

Asubuhi mama mkwe alikuwa amerudi Chwele. Hakuaga. Alikuwa amenishika mwili, ameniona nilivyo, na kwao hilo halifutiki hivi hivi. Mke wangu alikaa siku nyingi bila kuongea vizuri. Akaniambia huenda mamake asikanyage kwetu tena, na mtoto akue bila kukhu wake. Kukhu ni nyanya. Hiyo iliniuma kuliko kizingiti.

Nikatuma mjomba wa mke wangu aulize. Jibu la wazee likaja: mkwe alete blanketi zito, mama atampa kuku, mambo yatengenezwe, na kuanzia hapo wasalimiane kama watu.

Blanketi, wakuu. Kitu cha kuzuia baridi, kinauzwa kila duka la Kitale, hakihitaji mtungi wala fundi wala kitabu. Mungu ana njia zake za kumcheka mtu.

Nilienda Chwele na shati nimepiga pasi. Wazee wakasema maneno yao. Nikamfunika mama mkwe mabegani, akanipa jogoo mwekundu. Kisha, kwa mara ya kwanza, akanipa mkono na kuniangalia usoni. Nikangoja baraka.

Akaniuliza, "Dilisha umefungua?"

Nikasema nimefungua, mama.

Heater nilitoa kile kichwa chake kinachowaka nikakitupa, sanduku likawa kiota cha kuku. Funzo langu ni fupi: kitu kinachowaka kinakula hewa, hata kama hakitoi moshi unaouona. Kikijizima chenyewe, usibishane nacho. Na mtu akitoa gunia mara tatu, muulize anajua nini.

Mtoto sasa ana miaka kumi na minne na anaimba mpaka majirani wanalalamika. Kukhu wake hupiga simu kila jioni ya baridi. Kabla hajamuuliza mjukuu hali, ananiuliza mimi lile swali moja, na mimi, kabla sijajibu, naenda kwanza kuangalia.

Haya, uwanja ni wenu. Mnicheke, nimewazoea. Lakini kama unasoma hii na kuna jiko ama heater karibu nawe, inuka kwanza ufungue dirisha, halafu ndio urudi utukane.